Panzi Hakokotwi

Mwanangu alisimama uani kwangu na kamba ya kuvutia magari mkononi, ile nene ya nailoni yenye ndoano ncha zote mbili. Akaitupa nyuma ya pikapu yake taratibu, ili niione vizuri.

"Mama, masharti ni yale yale," alisema. "Ukifika kwa mama mkubwa kwa nguvu za injini yako, sitakuuliza tena habari za gari hili maisha yangu yote. Nikiifunga kamba hii hata mara moja, funguo unanipa."

"Na wewe unampa mpiga picha."

"Nampa mpiga picha."

Huyo mpiga picha ana studio karibu na gereji ya mwanangu. Alikuja siku moja kumwona Panzi, gari langu. Alimzunguka akimgongagonga ubavuni kama mtu anayenunua mtungi, akasema rangi hii ya kijani itatoka vizuri sana kwenye picha. Injini hakuitaka. Ataing'oa, aweke matofali chini, awapandishe watoto wa watu wakiwa wamevaa miwani ya jua, wacheke, awapige picha. Yaani gari lililopanda milima yote ninayoijua ligeuzwe kiti. Nilimwuliza kama na mimi angependa kuniweka juu ya matofali. Akacheka, akadhani natania.

Panzi ni gari la spoti la zamani, la viti viwili, fupi, limeinama mbele kama linataka kuruka. Ana umri mkubwa kuliko huyu mwanangu. Paa lake ni turubai, na buti yake inaingia tairi la akiba tu, ukilazimisha na kanga mbili. Nilimnunua akiwa mifupa, nyuma ya machimbo ya kokoto, enzi zile nikihama na kambi za kujenga barabara. Kambi hizo ndizo zilizonisomesha. Niliingia nikichemshia mafundi chai, nikatoka fundi umeme wa malori na matingatinga.

Mwanangu naye ni fundi, tena hodari, simwonei. Magari ya siku hizi anayachomeka kompyuta, yanamweleza yanapoumwa. Shida ni kwamba Panzi hana pa kuchomeka.

Msije mkadhani ni mtoto mbaya. Amenitengenezea chumba nyumbani kwake. Chumba kizuri, kina vigae na feni, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mkwe wangu amekwisha kutundika pazia. Wote wawili huongea nami juu ya chumba hicho kwa sauti ya chini, kama wanaongea na mgonjwa. Lakini mimi nimelala kwenye mahema, kwenye makontena, juu ya magunia ya saruji, na kila asubuhi nilitaka kuona kona inayofuata ina nini nyuma yake. Funguo zikienda, kona zimekwisha. Nitakaa nyuma ya pazia lile nikihesabiwa vidonge. Ndiyo maana nilikubali masharti. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Basi dada yangu alikuwa amehamia nyumba mpya huko juu milimani na ametuita. Safari ya kutwa nzima, kwa mwendo wa Panzi.

Katika safari ya gari la zamani, si injini inayokulaza njiani. Ni umeme. Chuma kinachoka kwa adabu, kinakugongea kwanza, kinakuonya. Umeme unakata kauli papo hapo. Kwa hiyo sitembei bila sanduku langu la vipuri vya umeme: kondensa, rota, pointi, fyuzi, balbu, vipande vya waya, kila kimoja kimeviringishwa kwenye kitambaa chake. Vyote vikuukuu. Hilo ndilo watu hawalielewi. Mimi nikinunua kondensa mpya siiweki sandukuni. Naifunga garini kwanza, naenda nayo sokoni, naenda nayo hospitali, naipandisha mlima, jua liiwakie na mvua iinyeshee. Ikistahimili, naifungua, naiweka akiba, halafu namrudisha mzee wake kazini. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kipuri ambacho hakijawahi kufanya kazi si akiba, ni matumaini.

Siku moja kabla ya kuondoka, mwanangu aliniomba sanduku ili "alipange vizuri." Nikampa. Nilidhani moyo umemlainika.

Abiria wangu alikuwa shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Ni fundi cherehani mstaafu, ila mdomo wake haujastaafu. Aliingia garini kwa awamu: mguu, kisha mguu, kisha malalamiko.

"Shemeji, kiti hiki kilishonewa mtu au mkate?"

"Mtu mwenye adabu."

"Basi nimekosea gari."

Nikampakatisha sanduku la vipuri, maana halikuwa na pengine pa kukaa. Hakujali. Kilichomleta ni redio ya Panzi. Siku hiyo palikuwa na fainali ya mpira, na nyumbani kwake wajukuu wameteka televisheni wanaangalia vikaragosi. "Nitasikiliza mpira kwa amani," alisema, "nikiendeshwa na mwanamke kama waziri."

Tukaondoka. Nyuma yetu, pikapu. Nikiongeza mwendo anaongeza, nikipunguza anapunguza. Kwenye kioo namwona mwanangu, mikono yote miwili kwenye usukani, uso kama wa mtu anayesindikiza jeneza.

"Anatufuata kama deni," shemeji akasema.

"Atachoka."

"Huyo ni mtoto wa kaka yangu. Hao hawachoki, wanakasirika tu."

Mji ulikwisha, mashamba yakaanza, na barabara ikanyooka. Upepo ulikuwa mzuri. Mara ile tik-tik-tik ya nyuma ya viti, ambayo ni pampu ya petroli ya umeme, ikanyamaza. Ukimzoea Panzi unaisikia pale inapokosekana, kama saa ya ukutani. Tukaenda kidogo kwa petroli iliyobaki mbele, injini ikalegea, nikakaa pembeni.

Pikapu ikasimama nyuma yangu hata vumbi halijatua. Mwanangu akashuka.

"Mama, nitoe kamba?"

"Toa maji ya kunywa, unaonekana una kiu. Shemeji, vua kiatu."

"Kiatu? Kwani tunaingia msikitini?"

"Vua, ugonge hapo nyuma ya mgongo wako. Chini. Pale. Si kama unabisha hodi, gonga kama mwenye nyumba anayedai kodi!"

Akagonga. Tik. Akagonga tena. Tik-tik-tik-tik. Pampu ikaamka, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini akasema hakuwa amelala. Nikawasha, nikaondoka, nikamwacha mwanangu amesimama na chupa ya maji.

Shemeji alibaki na kiatu mkononi muda mrefu. "Mimi nimetengeneza cherehani maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kuipiga hata moja."

"Ndiyo maana zilikudharau."

Akawasha redio. Wachezaji walikuwa wanaingia uwanjani, na sauti ya mtangazaji ilikuja safi, utadhani amekaa kati yetu. Tukafika chini ya mlima. Hapo barabara inaanza kujikunja, malori yaliyopakia yanapanda kwa gia ya kwanza yakinguruma, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mawingu yalikuwa yamekaa juu kabisa, meusi. Nikaingiza gia ya pili.

Tulipokuwa tumepanda kona chache, Panzi akaanza kukosa. Alikosa mara moja, nikajifanya sikusikia. Akakosa tena. Halafu akapiga chafya mbele, akapiga bomu nyuma kwenye ekzosi hadi shemeji akainama kufunika kichwa, na injini ikafa. Niliacha gari lijivute mpaka kwenye uwanja mdogo wa changarawe ambapo malori hupumzishia breki.

Nikafungua boneti. Nikatoa kifuniko cha distribyuta, ile inayogawia plagi umeme, nikamwambia shemeji azungushe stata. Kwenye pointi, pale panapofunguka na kufumba, palitakiwa kuwe na kijicheche kisichoonekana. Mimi nikaona cheche nene za buluu, zinapasuka kama kuni mbichi. Ugonjwa huo naujua hata usingizini. Ni kondensa. Ni kidude kama pingili ya kidole, cha bati, kina waya mmoja. Kazi yake ni kumeza hizo cheche ili nguvu yote iende kwenye plagi. Kikifa, plagi zinabaki na njaa.

"Lete sanduku," nikamwambia shemeji. "Kitambaa cha maua."

Akafungua. Akainamia ndani, akainua kichwa.

"Shemeji, humu hamna kitambaa. Kuna duka."

Nikatazama. Vimepangwa safu, vyote kwenye vipakiti vya plastiki vinavyong'aa, na stika juu. Kondensa mbili, rota, pointi, koili, fyuzi za kila rangi. Hakuna hata kimoja nilichowahi kukigusa.

Mwanangu alikuwa amekwisha kufika.

"Vitu vyangu viko wapi?" nikamwuliza.

"Si hivyo hapo, mama. Nimezunguka mji mzima kuvitafuta."

"Vyangu."

"Vile? Nilitupa." Aliona uso wangu, akaharakisha. "Mama, vilikuwa vimechakaa! Kondensa ina kutu, rota imeungua ncha. Ningekuacha uingie mlimani na takataka?"

"Takataka hiyo ilikwisha kupanda mlima huu."

"Ndiyo maana ilikuwa imechoka!"

"Kilichochoka nakijua kinachokea wapi. Hiki kipya nakijuaje? Tumeonana leo."

Shemeji akachomoza kichwa dirishani. "Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao."

"Baba mdogo, sikiliza mpira wako."

Nikamtazama mwanangu vizuri. Alikuwa na grisi kwenye kola, kama kawaida yake tangu ujana. "Hebu niambie," nikasema. "Umeniwekea masharti ili nishindwe. Halafu umezunguka mji mzima kuninunulia vipuri nishinde. Wewe uko upande gani?"

Akakuna kichwa. "Nilitaka ushindwe, mama," akasema. "Sikutaka ukwame."

Nikachukua bisibisi. Kosa lilikuwa langu pia. Sikufungua sanduku kabla ya kuondoka, kwa sababu sikutaka anione nakagua, aseme nina wasiwasi. Nikapasua pakiti ya kwanza kwa meno, nikaifunga ile kondensa mpya. Panzi akawaka mara moja. Mwanangu akanyoosha mikono kama refa: unaona? Nikafunga boneti, nikaondoka bila kusema asante.

Ilituvusha kona moja, ya pili, tukaanza hata kuzungumza. Shemeji alikuwa ananieleza jinsi kocha alivyokosea kupanga mabeki. Injini ikapata moto wake wa kawaida wa mlimani, na kondensa mpya ikakata roho. Safari hii hapakuwa na chafya wala bomu. Ilizimika tu, nikajivuta pembeni kwenye changarawe.

Mwanangu alikuja na kipimo chake cha umeme, akaifungua ile kondensa, akaigusa na nyaya zake mbili. Muda tuliobishana ulitosha kuipoza. Akaniwekea kipimo mbele ya macho.

"Inasoma vizuri, mama. Hii ni nzima."

"Ikipoa ni nzima. Hata mimi nikipoa ni mpole."

"Kipimo hakidanganyi."

"Sijasema kinadanganya. Nimesema kinaiuliza ikiwa imekaa kitako. Mlima unaiuliza ikiwa inakimbia."

Akakirudisha kipimo mfukoni. Ni fundi, alijua nilichosema kina maana, na alijua pia kwamba bado nimekwama. Nikafunga ile ya pili. Hiyo haikuwaka kabisa. Nilizungusha stata mpaka betri ikaanza kulalamika, nikaacha. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya boneti, likakauka hapo hapo kwa joto.

Nikasikia hatua kwenye changarawe. Mwanangu alikuwa ameileta kamba. Aliiweka juu ya boneti, taratibu kabisa, mizunguko yake yote.

"Ondoa nyoka wako juu ya gari langu," nikasema.

"Mama, umejitahidi. Hakuna aibu."

"Aibu sijaitaja mimi."

"Mvua inakuja. Turubai lako linavuja. Baba mdogo ana kifua. Nikufunge, nikuvute polepole mpaka kwa mama mkubwa, ufike, uoge, ule. Si mwisho wa dunia."

"Wa dunia yako, si mwisho."

"Unataka nifanye nini? Nirudi mjini nikakuletee nyingine?"

"Kutoka duka lile lile?"

Lori lilipita, dereva akapiga honi, utingo akacheka na kuonyesha kamba kwa kidole. Mwanangu akashika ndoano. Akainama mbele ya Panzi, akaanza kutafuta pa kuipachika. Mimi nilisimama nimeshika bisibisi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaliona lile pazia waziwazi, hata pindo lake.

Hapo shemeji, ambaye kwake vita vya mama na mwana si sababu ya kukosa fainali, akaongeza sauti ya redio. Mtangazaji akapayuka, safi kama maji ya chupa.

Nikasimama nikisikiliza. Si mpira. Nilikuwa nasikiliza ule usafi. Tangu shemeji aiwashe, redio ile ilikuwa inalia safi huku injini inawaka, na gari la aina hii halina heshima hiyo kwa kuzaliwa. Zamani marehemu alikuwa akilalamika kwamba kila injini ikiwaka redio inakaanga mahindi, hasikii taarifa ya habari. Nikachoka na malalamiko, nikamfungia kitu cha kunyamazisha zile kelele, pembeni ya koili, ile inayokuza umeme wa plagi. Na kitu hicho ni nini? Kondensa. Kubwa kidogo, bati nene zaidi, lakini na ile ya pointi ni baba mmoja mama mmoja. Ilikuwa imekaa pale miaka yote, kwenye joto lote, kwenye milima yote, inafanya kazi na hakuna aliyekumbuka kuishukuru. Wala kuitupa.

"Shemeji, zima redio!"

"Penalti, shemeji! Wamepata penalti!"

"Zima!"

"Nizime penalti? Wewe una roho gani?"

Nikaingiza mkono dirishani nikaizima mwenyewe. Alinitazama kama nimemzika kaka yake mara ya pili.

Nikaisukuma kamba ikaning'inia mbele kwenye bampa, nikafungua boneti. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilichomoa ile kondensa mpya iliyokufa, nikaiweka mfukoni. Ile ya redio sikuifungua hata bolti. Mwili wake ulikuwa umeshika chuma cha gari vizuri. Nilifungua waya wake upande mmoja wa koili, ule unaoleta umeme kutoka kwenye swichi, nikauhamishia upande wa pili, ule unaokwenda kwenye pointi. Nati moja, kisha nati nyingine. Basi.

Mwanangu alikuwa ameinuka, ndoano bado mkononi, anatazama juu ya bega langu. Nilimsikia anavyopumua, alikuwa anapiga hesabu.

"Hiyo si saizi yake," akasema. "Itazila pointi."

"Zitaliwa. Ila si leo."

"Na sijui kama hilo linaruhusiwa kwenye masharti."

"Ulisema nini? Kwa nguvu za injini yangu. Redio ya nani? Koili ya nani? Nimekuomba hata spana?"

"Hukuniomba."

"Basi toa kamba yako, nifunge boneti."

Hakuitoa. Alisimama pale mvua ikiongezeka, na mimi nikasimama vilevile, maana ubishi huo aliurithi kwangu. Mwishowe niliikusanya kamba mwenyewe, mizunguko yote, nikamtwika begani, nikafunga boneti. Nikaketi. Nikabonyeza stata. Betri ilikuwa imechoka, ikazungusha kwa kusuasua, ikasita kwenye lile zunguko ambalo ndilo la mwisho, ukilijua unalijua. Nikasema kitu ambacho sitakiandika hapa. Panzi akawaka.

Alitetemeka kidogo, akakohoa, akatulia. Nikaingiza gia kabla hajabadili nia.

"Sasa naweza kuwasha?" shemeji akauliza.

"Washa."

Akawasha. Redio nzima ilikuwa mahindi yanapasuka kikaangoni, na ndani yake, mbali sana, mtu mmoja anapiga kelele.

"Amefunga?" shemeji akapaza sauti. "Nani amefunga?"

"Amefunga mahindi!"

"Shemeji, haki ya Mungu, wewe mwanamke hukupaswa kuolewa, ulipaswa kutungiwa sheria!"

Tulipanda. Mvua ilishuka yote. Waipa ya upande wangu ilifanya kazi, ya upande wake iliinua mkono na kuushusha kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu. Maji yalipita kwenye turubai, yakamwingia shemeji shingoni, naye akageuza sanduku la vipuri vipya likawa mwavuli. Nilizima kila kinachokula umeme kisicho cha lazima. Nilipanda kwa gia ya pili bila kuitesa injini, sikio moja kwenye mlio wake na moja kwenye pampu. Ilikosa mara kadhaa. Kila ilipokosa shemeji alishika kiatu, tayari. Nyuma yetu taa za pikapu zilikuwa zinatumulikia njia. Sikumwomba. Alikuwa amewasha taa kubwa, amesogea karibu kuliko asubuhi, na kwenye kona alinikingia malori yasinipite vibaya.

Dada alikuwa getini na mwavuli tulipoingia. Injini ilikuwa inaunguruma kwa miguu mitatu kati ya minne, lakini ilikuwa inaunguruma.

"Mmechelewa hivi!" akasema. "Nikasema hawa wamekokotwa."

"Panzi hakokotwi," nikamwambia. Nikaizima mwenyewe, kwa ufunguo wangu. Nilitaka huyo anayeshuka kwenye pikapu aone ni nani aliyeizima.

Mwanangu alikuja, akafungua boneti bila kuniuliza, akaweka kiganja juu ya ile kondensa ya redio. Akakiondoa haraka, ilikuwa ya moto. Alisimama hapo maji yakimtiririka puani.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Haya." Akafunga boneti. "Sitakuuliza tena."

Usidhani alifurahi. Alikula kichwa kimeinama. Dada alipomwuliza kulikoni alisema, "Mama mkubwa, mdogo wako atafia barabarani," na mimi nikajibu kwamba vitanda vimeua watu wengi kuliko barabara, na hakuna anayevinyang'anya funguo. Shemeji alikuwa na simu ya watu, anatafuta nani alishinda. Timu yake ilifungwa. Alisema ni mimi.

Asubuhi jua lilitoka. Kutoka uani kwa dada barabara inaonekana inavyoendelea upande wa pili wa mlima, inashuka, inapotelea kwenye msitu, inatokea tena mbali, nyembamba. Sijawahi kuipita. Wakati wangu kambi ziliishia upande huu. Nilikuwa nimetandaza gazeti, nimetoa zile pointi, nazisugua kwa tupa ya kucha ya dada. Zilikuwa zimeliwa, kama mwanangu alivyosema. Nikazirudisha mahali pake.

Alikuja na ufunguo wa pikapu mkononi. Wateja walikuwa wanamsubiri gereji.

"Tunarudi pamoja?" akauliza.

"Wewe unarudi. Mimi naenda kule." Nikamwonyesha.

"Kule wapi? Kule unamjua nani?"

"Hakuna. Ndiyo kwanza nakwenda."

"Na kondensa ya redio?"

"Na kondensa ya redio. Imeonyesha kazi."

"Mama, mimi siwezi kukufuata huko. Nina kazi."

"Sijakualika."

Shemeji alikuwa amekwisha kuingia garini, mguu, mguu, malalamiko. Alisema pikapu ina redio nzima na haina mahindi, lakini mpira umekwisha, sasa anataka kuona.

Mwanangu akashusha pumzi ndefu. Akatoa pochi, akachomoa kadi ndogo, nyeupe, ngumu, yenye jina la studio na namba ya simu ya yule mpiga picha.

"Nimesema sitauliza, siulizi," akasema. "Lakini kaa nayo. Siku ukichoka, umpigie mwenyewe. Kwa hiari yako."

Nikaipokea. Nikaigeuza, nikaipapasa ukingo wake kwa kidole gumba. Halafu nikainama kwenye distribyuta, nikazungusha injini mpaka pointi zikafunguka mwisho wake, nikaiingiza kadi kati yake kupima ile nafasi. Ilipita ikisuguana kidogo pande zote mbili, isilegee, isibane. Unene wake ulikuwa ndio hasa unaotakiwa. Nikakaza skrubu, nikaichomoa. Imebaki na alama nyeusi katikati ya namba ya simu.

Mwanangu aliitazama kadi, akanitazama mimi. Mdomo wake ulitaka kukasirika, ukashindwa.

"Ana kadi nzuri huyu bwana," nikamwambia. "Muulize kama anazo nyingine."